Doria iliyowasukuma watu kwenye lami: uchambuzi wa kisa cha njia ya kinga na miguu, Lubumbashi

Kisa hiki kinahusu kipande cha njia chenye urefu wa kilomita mbili hivi, pembeni mwa barabara ya lami inayoingia Lubumbashi, mji wa Kongo (RDC), kutoka vijijini. Hatukipi jina kwa sababu tumekiunga kwa ajili ya kujifunza. Umbo lake, watu wake na makosa yake ni yale yanayokutwa kwenye barabara zinazotoka mjini kwenda Kasumbalesa, Likasi na Kipushi, na vipimo vyake mtu anaweza kuvipima upya kwenye njia ya kwao. Kwa ufupi, kartie (mtaa) ilianzisha doria ili wenye kinga (baiskeli, kama tunavyosema Lubumbashi) wasigongane na waenda kwa miguu. Ndani ya siku chache wenye kinga wakahamia kwenye lami, katikati ya malori ya madini. Doria iliyoundwa kuokoa watu iliwapeleka mahali pa hatari zaidi, na karibu hakuna aliyeona.

Njia na wanaoipita

Njia ni ya udongo mwekundu, upana wake mita 1.8 kwa wastani. Upande mmoja kuna lami, upande wa pili mtaro, kisha majani marefu. Ukitoka vijijini unateremka mita mia nne hadi daraja dogo la kijito lenye upana wa mita 1.3 tu, kisha unapanda taratibu kuelekea nyumba za kwanza, meza za wauza mikate na mdomo wa avenyu moja ya vumbi.

Asubuhi, kuanzia saa kumi na moja, ni wakati wa makala (makaa ya kupikia). Wasukumaji wanafika wakiwa wametembea usiku, kila mmoja na magunia mawili au matatu kwenye kinga ya chuma ya gurudumu la inchi 28. Gunia moja la makala huweza kupita kilo 50, kwa hiyo kinga inabeba kilo 100 hadi 150, na wakati mwingine zaidi. Hakuna anayeipanda. Mwenyewe anatembea ubavuni, mkono mmoja kwenye usukani au kwenye fimbo iliyofungwa usukanini, mwingine kwenye fimbo iliyosimamishwa nyuma ya kiti. Baadaye wanaingia wanafunzi, watatu watatu, kwa kuwa masomo yanaanza saa moja na nusu. Wanafuata akina mama wenye mabeseni kichwani, wafanyakazi, na manseba (waendesha pikipiki za kubeba abiria) wanaokwepa foleni ya lami. Jioni mambo yanageuka: kinga zilezile zinarudi tupu, zimepandwa, zina mwendo, na nyingi hazina taa.

Sasa tupime. Mtu anayetembea anahitaji kama sentimita 75. Kinga yenye makala ina upana wa sentimita 90 hadi mita moja penye magunia, na msukumaji ubavuni anaongeza nusu mita. Waweke hao wawili kwenye njia ya mita 1.8: hawatoshi. Zinakosekana sentimita 40 hivi, na hakuna filimbi itakayozileta. Mmoja lazima atoke, naye huwa ni mwenye miguu, kwa kuwa mwenye makala akitoka pembeni gurudumu linazama na mzigo unalala.

Upande wa kutembea nao una mambo yake. Kongo magari yanapita kuume. Mkataba wa Vienna wa 1968 juu ya usafiri wa barabarani unamtaka mtembeaji aliye kwenye barabara akae upande unaomfanya atazamane na magari, na anayesukuma kinga akae upande wa magari yanayokwenda anakokwenda yeye. Kanuni hiyo ikifuatwa kwenye ukingo mmoja, msukumaji na mtembeaji wanakutana uso kwa uso. Hilo ni jema, maana wanaonana. Kinachoumiza zaidi ni kinga inayotoka mgongoni, mtu anapotembea kuelekea kulekule inakokwenda na asiisikie.

Breki ndizo zinazoeleza mengine yote. Kwenye kinga hizi mkono unavuta fimbo ya chuma, fimbo inavuta raba mbili zinazobana rimu kutoka ndani. Raba ikiisha, watu hukata kipande cha tairi, ambacho ni kigumu na kinateleza. Rimu ya chuma ikilowa, breki inapoteza sehemu kubwa ya nguvu yake, ndiyo maana kinga iliyosimama vizuri mwezi wa Agosti haisimami Januari. Nyingine hazina breki kabisa, na mwenyewe hutegemea ndala aliyoikandamiza kwenye tairi la nyuma. Fanya hesabu. Kinga tupu yenye breki nzuri, mwendo wa kilomita 15 kwa saa, inakula mita 4 katika sekunde moja ya kushtuka na mita 3 za kusimama, jumla 7. Kinga hiyohiyo kwa kilomita 25 kwa saa, breki ya ndala, kwenye mteremko, inakula mita 7 za kushtuka na 24 au zaidi za kusimama. Ni zaidi ya mita 30, na gizani tochi ya simu kwa shida humwonyesha mtu mwenye nguo nyeusi mita 10 mbele.

Giza haliondoki saa ileile mwaka mzima. Mwezi wa Juni jua la Lubumbashi huchomoza karibu saa kumi na mbili na nusu, mwezi wa Novemba karibu saa kumi na moja na nusu. Kwa hiyo kiangazi wanafunzi wa mbali wanatoka nyumbani kukiwa bado kiza, kwenye baridi, wamejifunika vichwa, na moshi wa majani yanayochomwa umelala bondeni penye daraja. Doria yenye ratiba moja ya mwaka mzima itawakosa hao.

Doria ya kwanza

Walikuwa watu wanane wenye majile (vizibao) ya kung'aa, filimbi na vijiti. Wanne walisimama juu ya mteremko, wanne darajani. Waliagizwa wapunguze mwendo wa kinga. Aliyeshuka kwa kasi alisimamishwa, akasomewa makosa, na siku nyingine kinga yake ikashikiliwa mpaka aombe radhi.

Kosa kubwa liko hapa, na kila anayejua maisha ya mwenye makala ataliona mara moja. Kwake yeye, mtu mwenye jile na kijiti njiani alfajiri ni barieri, yaani kizuizi cha barabarani. Barieri ni kutoa franka, au gunia kupunguzwa, au saa nzima kupotea huku bei ya asubuhi ikipita. Wasukumaji hawakuuliza. Walipoona majile kwa mbali walipanda lami mita mia mbili kabla ya mteremko, wakashuka kwenye njia ya malori, wakarudi pembeni baada ya daraja. Kiongozi wa doria aliandika kwamba njia imetulia, na kweli ilikuwa imetulia. Utulivu huo ulilipiwa kwenye lami, mahali ambapo lori lenye shehena linampita mtu kwa karibu kiasi cha kuyumbisha magunia yake.

Ndiyo maana tunasisitiza jambo moja ambalo wengi wanaliruka: hesabu kinga za njiani pamoja na za kwenye lami, kabla doria haijaanza na baada ya kuanza, saa zilezile na siku zilezile za juma. Jumatatu usiilinganishe na Jumamosi. Watu wawili wenye daftari, kwa muda wa saa moja na nusu asubuhi na muda kama huo jioni, kwa siku nne, wanatosha. Bila hesabu ya lami, doria itajisifu kwa ajali ilizozihamisha.

Filimbi ilileta shida ya pili kwa sababu ilipigwa kutoka nyuma. Msukumaji mwenye kilo 120 akisikia filimbi mgongoni anageuza kichwa, mabega yanafuata kichwa, usukani unafuata mabega. Mzigo unaingia mtaroni bila mtu kuguswa. Filimbi ipigwe na mtu anayeonekana mbele, na iwe na maana moja tu: mlio mmoja mrefu, wote simameni.

Shida ya tatu ilikuwa neno. Wanadoria waliwafundisha wenye kinga kupaza sauti “Kushoto!” wanapotaka kumpita mtu. Nusu ya watu walielewa kwamba kinga inapita kushoto, nusu wakaelewa kwamba wao waende kushoto, wakarukia mbele ya gurudumu. Neno linalofaa ni “Napita!”, lipaziwe sauti mita 20 kabla, kengele ikitangulia. Anayetembea afundishwe jambo moja tu: ukisikia, endelea na mstari wako, usiruke. Mtoto asiyejua kuume na kushoto ataliweza hilo.

Doria ya pili

Ilianza bila mtu kusimama njiani. Mazungumzo ya kwanza yalifanyika pale wasukumaji wanapopumzikia, juu ya mteremko, wakiwa wameegemeza kinga kwenye vijiti vyao. Shefu wa kartie aliarifiwa kwa barua, komini (manispaa) ikapewa nakala, na polisi wa rulaje (wa usalama barabarani) wakaelezwa nani atakuwa wapi, saa ngapi. Vijiti viliachwa nyumbani. Rangi ya jile ilichaguliwa isifanane na ya polisi, na kila jile likaandikwa namba kubwa mgongoni, ili mwenye malalamiko aweze kusema “namba tano” bila kujua jina la mtu. Sheria moja haina mjadala: mwanadoria hapokei chochote. Hata franka ya asante, hata makala ya kuwashia mbabula (jiko la makaa). Siku atakapopokea konzi moja ya makala, barieri imerudi, na habari itafika vijijini kabla ya jioni.

Juu ya mteremko, penye tambarare ya mita 30, wakaweka kituo cha kukagua. Mfuko wake una pampu, raba za breki jozi sita, spoki kumi, waya laini, koleo, spana ya 13 na ya 15, gundi na viraka, na mikanda iliyokatwa kutoka mpira wa ndani wa gari kwa ajili ya kufunga mizigo. Ukaguzi hauzidi dakika mbili, na unaanza kwa salamu: “Papa, jambo. Pole na safari. Tuangalie raba kabla ya kuteremka?” Akikataa, anapita. Wengi hukataa juma la kwanza, kisha mmoja anabadilishiwa raba bure na wengine wanaanza kusimama wenyewe.

Mkaguzi anabana raba kwa vidole. Iliyobaki na unene chini ya milimita 4 inabadilishwa. Anaangalia nafasi kati ya raba na rimu: milimita 2 hadi 3. Ikiwa kubwa zaidi, mkono wa breki unafika usukanini kabla raba haijabana. Ikiwa ndogo zaidi, rimu yenye kombo inasugua njia nzima na mwenyewe ataifungua kwa hasira. Kisha anainua usukani. Ukiinuka kwa kidole kimoja, mzigo umekaa nyuma mno na gurudumu la mbele halina uzito wa kuongoza; gunia la nyuma lisogezwe mbele ya ekseli. Mwisho anavuta kamba. Kamba kuu iwe imefungwa kwenye fremu. Iliyofungwa kwenye kibebeo pekee itashuka na kibebeo chake siku kitakapokatika.

Kuteremka kunaendeshwa hivi: kinga moja kwa wakati, umbali wa mita 30 kati ya moja na nyingine (ile hesabu ya breki ndiyo iliyotupa namba hii), na mwanadoria mmoja anatangulia mita 20 mbele akiwaambia watembeaji kwa sauti ya kawaida: “Mama, makala yanashuka, ingia kwenye kituo.” Huyu mtangulizi ndiye aliyebadilisha kila kitu, kwa maoni yetu kuliko majile na mafunzo yote. Msukumaji anamwona mtu anayemfungulia njia, na hana tena sababu ya kupanda lami.

Kituo anachokitaja mtangulizi ni kituo cha kupishana, mahali njia ilipopanuliwa. Kila mita 70 hivi walichimba upande wa mtaro na kujaza mawe na moramu (udongo wa changarawe), mpaka upana ukafika mita 2.5 kwa urefu wa mita 6, na mawe mawili yaliyopakwa chokaa yakaonyesha mwanzo na mwisho. Mtembeaji anasimama humo kwa sekunde kumi. Majani yalikatwa mita moja na nusu kutoka ukingo, kwa sababu mtoto wa darasa la kwanza haonekani nyuma ya majani ya kiangazi. Kazi ya majembe ilichukua Jumamosi nne, nayo ilifaa kuliko miezi ya kukemea.

Daraja

Penye mita 1.3 hakuna kupishana. Wanadoria wawili, mmoja kila mwisho, wanapitisha watu kwa zamu. Anayeshuka na mzigo anapewa nafasi ya kwanza, kwa sababu hawezi kusimama, anayepanda anaweza. Wanafunzi wanapitishwa kwa vikundi vya kumi na tano, na mkubwa wao anakaa nyuma.

Siku za moshi wanadoria hawa hawaonani. Mikono haisaidii, na sauti ya malori inafunika kelele. Wakachukua mbinu ya reli za njia moja: fimbo nyekundu, moja tu. Mtu wa mwisho wa kila kundi anabeba fimbo na kuikabidhi upande wa pili. Asiye na fimbo hafungui upande wake, hata akiona daraja ni tupu. Inachelewesha kidogo. Fimbo ikipotea, mwanadoria mmoja avuke kwa miguu kuonana na mwenzake kabla ya mtu yeyote kupita, wasikisie.

Manseba na meza

Wazo la kwanza kuhusu pikipiki lilikuwa kusimika nguzo mbili mdomoni mwa njia. Kabla ya kununua saruji, chukua utepe. Usukani wa pikipiki nyingi una upana wa sentimita 75 hadi 80. Kinga ya makala inahitaji mita moja, na penye msukumaji mita moja na nusu. Nafasi yoyote inayopitisha makala inapitisha pikipiki, na nguzo zinazoizuia pikipiki zinawarudisha wasukumaji kwenye lami. Tuta la udongo ni baya zaidi: pikipiki inaliruka, mzigo wa kilo 120 unalipinda gurudumu.

Kilichofaa ni kuuliza kwa nini manseba wanaingia. Mdomo wa avenyu ulikuwa na shimo la maji machafu, nao walilikwepa kwa kupita njiani mita hamsini. Mikokoteni michache ya moramu na kipande cha bomba chini yake viliwafungulia avenyu. Wachache waliobaki walizungumziwa na kiongozi wa maegesho yao, ambaye neno lake lina uzito kuliko la doria.

Meza za mikate zilirudishwa nyuma ya mtaro, kila moja ikapewa ubao wa kuvukia. Wauzaji hawakupoteza wateja, kwa kuwa wanafunzi walivuka ubao.

Daftari

Kila zamu inaandika mstari mmoja kwa kila tukio, pamoja na yale ambayo hakuna aliyeumia: saa, namba ya nguzo ya umeme iliyo karibu, nani alikutana na nani, mwelekeo wa kila mmoja, mwanga, breki, na kilichotokea. Jina la mtu haliandikwi. Daftari lenye majina litaogopwa, na siku moja mtu atalitumia kudai pesa. Baada ya wiki nne mistari inahamishiwa kwenye mchoro wa njia kwa nukta. Nukta zikijaa mahali pamoja, hapo pana kasoro ya njia. Zikitawanyika lakini saa zake zikafanana, tatizo ni mwanga au msongamano. Ni kwa nukta hizo kituo cha pili cha kupishana kilihamishwa mita 15, maana kilikuwa nyuma ya mkunjo usioonekana kutoka juu.

Mtu akiumia

Mwanadoria wa kwanza anasimamisha njia pande zote, wa pili anapiga magoti kwa majeruhi. Damu inakandamizwa kwa kitambaa safi kwa dakika kumi bila kufunua funua. Aliyeangukia kichwa au shingo hainuliwi kukaa. Mtu mmoja ashike kichwa chake kisigeuke mpaka ubao na watu wanne wapatikane. Kuna jeraha moja linalodanganya, nalo ni mtoto aliyepigwa tumboni na ncha ya usukani. Analia kidogo, ananyamaza, anataka kwenda shule. Bandama au ini linaweza kuwa linavuja damu ndani, na dalili zikachelewa saa kadhaa. Mtoto huyo anapelekwa kituo cha afya siku hiyohiyo, na mama yake anaambiwa wazi kwa nini, hata kama tumbo halina alama.

Zamu ya jioni

Hii bado ni ngumu. Kinga zinarudi tupu na kwa kasi, na wanyang'anyi wa simu wanajua daraja kuliko mtu yeyote. Wanadoria wanatembea wawili wawili, wanafanya mzunguko wa mita 800 kwa dakika kumi hivi, na hawamfukuzi mwizi. Anayefukuza anamwacha mwenzake peke yake gizani. Mwizi akishikwa na umati, kazi ya doria ni kukaa kati yake na mawe mpaka polisi wafike. Jambo hili liamuliwe na kila mmoja kabla ya kuvaa jile, na asiyeweza aombe zamu ya asubuhi, bila aibu.

Kwa taa, walichoweza kununua ni vipande vya utepe unaorudisha mwanga: sentimita 10 kwenye ngao ya nyuma (madigadi) ya kila kinga, na sentimita 5 kwenye kila mkoba wa shule uliopita kituo cha kukagua. Utepe ubandikwe kwenye chuma kilichofutwa mafuta na kukauka, la sivyo unadondoka wiki hiyohiyo.

Mvua za Novemba zinachimba vituo vya kupishana kuanzia cha chini, kile cha karibu na daraja, kwa sababu maji ya mteremko mzima yanaishia hapo. Mawe yake yapangwe upya Jumamosi mbili za mwisho za Septemba, kuanzia darajani kupanda juu, na mdomo wa mtaro uzibuliwe siku hiyohiyo. Kikiliwa kituo hicho, mtembeaji atakosa pa kusimama mahali ambapo kinga haziwezi kusimama, na wasukumaji watarudi kwenye lami kabla ya Krismasi.